Ruzuku Haichimbi Mfongo

Maji ya Mlima Kilimanjaro hayafiki kwenye kihamba kwa sababu tu mvua imenyesha msituni. Yanafika kwa sababu watu walichimba mfongo. Kwa msomaji asiyekulia mlimani, mfongo ni mfereji wa asili unaochepusha maji ya mto na kuyapitisha kwenye mteremko hadi migombani na kwenye kahawa. Wasafiri wa Ulaya waliofika Uchagani katika karne ya 19 waliikuta mifongo hiyo ikifanya kazi, nao wakaistaajabia. Mfongo una wazee wanaousimamia, una zamu za maji, na una siku za msaragambo za kuuzibua na kuukarabati. Anayekwepa kazi bila sababu hutozwa faini au hukosa zamu yake. Mvua ikinyesha mahali pasipo na mfongo, maji hupita na kuondoka na udongo.

Ruzuku nayo ni maji. Hailimi, haipandi, wala haichimbi mfongo. Hayo ndiyo maoni ninayotaka kuyatetea mbele ya wahudumu wa afya na wagonjwa wanaosoma jarida hili: kwamba kikundi cha vijana au mradi wa jamii unaotafuta fedha kabla ya kujijenga hutafuta kitu ambacho hautaweza kukishika, na kwamba sisi tulio hospitalini na vyuoni, tuliozoea kuandika maombi ya fedha kwa ajili ya tafiti zetu, tuna deni la kuwasaidia wenzetu wa vijijini kuuchimba mfongo huo.

Suala hili si la wahasibu peke yao. Ni suala la tiba.

Kwa nini sasa

Tarehe 20 Januari 2025 Serikali ya Marekani ilitangaza kusimamisha misaada yake ya maendeleo kwa nchi za nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, lilifungwa rasmi na shughuli zake zilizobaki zikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Tanzania, kama nchi nyingi za Afrika, ilikuwa imejenga sehemu kubwa ya huduma zake za VVU juu ya fedha za mpango wa Marekani wa PEPFAR, ulioanzishwa mwaka 2003, pamoja na Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria, ulioanza mwaka 2002. Fedha hizo zimeokoa maisha ya watu wengi, na hakuna mhudumu wa afya mwaminifu anayeweza kuzibeza.

Lakini tazama mpangilio wa mambo fedha zinapopungua. Dawa za kufubaza virusi hulindwa kwanza, na ni haki zilindwe. Vipimo vya maabara hufuata. Kinachoachwa mwishoni kabisa ni kile ambacho kwenye bajeti huitwa shughuli saidizi: nauli ya kijana anayetoka Marangu au Rombo kuja kliniki, chai ya klabu ya Jumamosi, posho ndogo ya kijana mwenzao anayewaongoza, simu ya kumuulizia aliyekosa miadi. Katika jedwali la hesabu vitu hivi vinaonekana vidogo. Katika maisha ya kijana mwenye umri wa miaka 16 anayeishi na VVU, mara nyingi vitu hivyo ndivyo vinavyomfanya ameze dawa.

Klabu ni sehemu ya tiba

Kijana aliyezaliwa na VVU hubeba mizigo ambayo mtu mzima aliyepata maambukizi ukubwani hakuibeba. Pengine alianza kumeza dawa kabla ya kuambiwa ni za nini. Pengine amelelewa na bibi kwa sababu wazazi walifariki. Akipelekwa shule ya bweni, hujifunza kuficha vidonge kabla ya kujifunza jina la mwalimu wa darasa. Umri wake ni umri wa kutaka kufanana na wenzake, na kila kidonge humkumbusha kwamba hafanani nao. Ndiyo maana vijana balehe, hapa kwetu na kwingineko duniani, ni miongoni mwa makundi yanayopata shida kubwa zaidi kuendelea na dawa bila kukatiza.

Moshi ina mfano wake wa kujivunia katika jambo hili. Mpango unaoitwa Sauti ya Vijana ulibuniwa hapa kwa ushirikiano wa watafiti wa KCMC na wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, kwa ajili ya afya ya akili ya vijana wanaoishi na VVU. Una vikao 10 vya kikundi, viwili kati yake vikiwahusisha wazazi au walezi, na vikao viwili vya kijana mmojammoja. Walioviongoza hawakuwa mabingwa wa magonjwa ya akili. Walikuwa vijana wakubwa kidogo kuliko washiriki, waliofundishwa na kusimamiwa kwa karibu. Mpango huo ulionyesha jambo kubwa: kwamba katika nchi yenye wataalamu wachache wa afya ya akili, kijana aliyeandaliwa vizuri anaweza kuongoza mazungumzo yenye nguvu ya kutibu.

Kazi hiyo iligharimiwa kwa fedha za utafiti, nyingi zikitoka Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Na fedha za utafiti zina tabia moja ambayo kila mtafiti anaijua: hulipia swali, na jibu likipatikana, huondoka. Hilo si kosa la mfadhili wala la mtafiti. Utafiti uliofanyika vizuri umetimiza wajibu wake. Swali linabaki kwetu: nani atauchukua ule mkufu wa vikao, wale viongozi vijana na lile chumba la kukutania, na kuvifanya viendelee bila kusubiri utafiti mwingine?

Wanawake walioanza kabla ya fedha

Jibu la swali hilo lilikwisha kutolewa katika mji huuhuu, zaidi ya miaka 30 iliyopita. Siku ya UKIMWI Duniani ya tarehe 1 Desemba 1990 ilikuwa na mada kuhusu wanawake na UKIMWI. Wanawake wa Moshi walijikusanya kuiadhimisha, na kutokana na mkusanyiko huo kikazaliwa Kikundi cha Wanawake Kilimanjaro Kupambana na UKIMWI, ambacho wengi wanakijua kwa jina la KIWAKKUKI.

Tukumbuke ulikuwa wakati gani. Dawa za kufubaza virusi hazikuwepo kwa mgonjwa wa kawaida. PEPFAR ilikuwa bado miaka 13 mbele. Ugonjwa ulitajwa kwa kunong'ona, na wagonjwa wengi walirudishwa kufia migombani kwao. Wanawake hao walianza na kile walichokuwa nacho: miguu ya kutembelea wagonjwa, mikono ya kuwaosha, sauti ya kuwaeleza majirani kwamba mgonjwa haambukizi kwa kushikwa mkono. Vikundi vikaenea vijijini, wanachama wakawa maelfu, na kazi ikapanuka kutoka elimu na huduma ya wagonjwa majumbani hadi ushauri nasaha, upimaji na malezi ya watoto yatima.

Wafadhili kutoka nje walikuja, na fedha zao zilipanua kazi hiyo sana. Lakini angalia utaratibu wa matukio. Kazi ilitangulia, fedha zikafuata. Mfadhili aliyefika alikuta wanachama, viongozi, wagonjwa wanaojulikana kwa majina na njia zinazoelekea nyumbani kwao. Hakulazimika kuwaambia wanawake wale watafute tatizo la kutatua. Fedha zilikuta mfongo umekwisha kuchimbwa, na maji yakafika kwenye mashina ya migomba.

Linganisha na namna ambavyo miradi mingi inazaliwa siku hizi. Tangazo la ruzuku hutoka, na tarehe ya mwisho ni wiki tatu zijazo. Watu wachache hukutana haraka, hutafuta jina la kikundi, huandika malengo kwa maneno yaliyomo kwenye tangazo lenyewe, huorodhesha vijana 200 ambao bado hawajaonekana, na kutuma. Wakikosa, kikundi hufa siku hiyohiyo. Wakipata, taabu huanza: hakuna vitabu vya hesabu, hakuna anayejua nani mweka hazina, na vijana wanaokuja wanakuja kwa ajili ya posho. Mwaka wa ruzuku ukiisha, kila mtu hurudi kwao.

Mfongo wa kikundi ni kitu gani

Hebu tuliseme jambo hili bila mafumbo. Kikundi kilichochimba mfongo wake kina mambo manne.

Kwanza, kina kazi inayoendelea hata kama ni ndogo. Vijana 12 wanaokutana kila mwezi chini ya mti wa zahanati wana thamani kubwa mbele ya mfadhili makini kuliko vijana 200 wa kwenye karatasi.

Pili, kina katiba fupi inayoeleweka na kila mwanachama, viongozi waliochaguliwa, na utambulisho wa kisheria. Kikundi cha kijamii hupata utambulisho kupitia idara ya maendeleo ya jamii ya halmashauri. Shirika lisilo la kiserikali husajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002.

Tatu, kina daftari la fedha. Kila shilingi iliyoingia imeandikwa, kila iliyotoka ina stakabadhi, na akaunti ya benki ina watia saini zaidi ya mmoja. Daftari la mchango wa shilingi 500 kwa mwezi, likitunzwa kwa mwaka mzima bila kufutwafutwa, ni barua ya utambulisho inayoshinda andiko lililopambwa.

Nne, wanachama wanachangia kitu. Si lazima kiwe fedha. Mzazi anaweza kupika uji, padri au imamu anaweza kutoa ukumbi, muuguzi anaweza kutoa saa mbili za Jumamosi, fundi anaweza kutengeneza mabenchi. Andika michango hiyo yote na uipe thamani yake, kwa sababu mfadhili huuliza, na kwa sababu kikundi kinachojua utajiri wake hakiombi kwa unyonge.

Nitoe mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Klabu ya vijana 30 wanaoishi na VVU hukutana mara moja kwa mwezi kwenye kituo cha afya. Nauli ya kila mmoja ni shilingi 3,000, jumla 90,000. Chai na vitafunwa ni shilingi 1,500 kwa kila mmoja, jumla 45,000. Vijana wawili wanaoongoza wanapewa shilingi 20,000 kila mmoja, jumla 40,000. Karatasi na kalamu ni 5,000. Kila mkutano unagharimu shilingi 180,000, na mwaka mzima shilingi 2,160,000. Klabu hiyo ikipata ruzuku ya kiasi hicho hasa, itaishi mwaka mmoja.

Sasa tuseme klabu imejipanga kabla ya kuomba. Walezi wamekubali kuandaa chai kwa zamu. Vijana 20 wanaokaa karibu na kituo wanakuja kwa miguu, na nauli inabaki kwa wale 10 wa mbali tu, yaani shilingi 30,000. Posho ya viongozi na vifaa havijaguswa. Mkutano sasa unagharimu shilingi 75,000. Ruzuku ileile itaiendesha klabu kwa miezi 28. Kijana aliyejiunga akiwa kidato cha pili atafika kidato cha nne klabu ikiwa hai. Kwa kijana wa aina hiyo, tofauti kati ya mwaka mmoja na miaka miwili na zaidi ni jambo la maisha na kifo.

Anza kuangalia karibu

Vijana wengi wakisikia neno ruzuku hutazama ng'ambo. Ningewashauri waanze kutazama karibu, kisha wapande hatua kwa hatua.

Karibu kabisa kuna misikiti, makanisa, vyama vya ushirika vya msingi, wafanyabiashara wa Moshi mjini, kampuni zinazopandisha watalii mlimani, na wana wa Kilimanjaro waliotawanyika nchi nzima ambao kila Desemba hurudi nyumbani. Mlima huu una historia ndefu ya kuchangishana. Wakulima wa kahawa waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU. Mapato ya kahawa yaliyopita katika ushirika yaliwasomesha watoto wengi wa mlimani.

Hatua inayofuata ni halmashauri. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Huu ni mkopo, wala si ruzuku, na unalenga shughuli ya kuzalisha kipato. Hautalipia chai ya klabu. Lakini vijana wa klabu waliofikisha umri wa miaka 18 wanaweza kuanzisha ufugaji wa kuku, kitalu cha miche ya parachichi au ushonaji, na kukubaliana tangu mwanzo ni sehemu gani ya faida itaendesha klabu. Pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Historia ya mikopo hii ina fundisho. Mwaka 2023 Serikali iliisitisha, baada ya taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha vikundi hewa na mikopo isiyorejeshwa. Mwaka 2024 ikarejeshwa kwa utaratibu mpya. Fedha zilikuwa za ndani kabisa, tena karibu na wananchi, na bado zilipotea. Ndiyo kusema tatizo haliko kwenye umbali wa mfadhili peke yake. Maji ya karibu nayo humwagika mahali pasipo na mfongo.

Juu ya halmashauri kuna vyanzo vya kitaifa. Foundation for Civil Society, iliyoanzishwa mwaka 2002, imekuwa ikitoa ruzuku na mafunzo kwa asasi za kiraia za Tanzania. Katika UKIMWI, tangu mwaka 2002 mgodi wa Geita na Tume ya Kudhibiti UKIMWI wamekuwa wakiandaa Kili Challenge, ambapo watu hupanda mlima wetu huu kuchangisha fedha za mapambano hayo. Ni vizuri vikundi vinavyoishi chini ya mlima unaopandwa viulize fedha hizo huombwaje. Kisha zipo balozi: Japani na Kanada, kwa mfano, zina mifuko ya ruzuku ndogo kwa miradi ya mashinani, kila mmoja ukiwa na masharti na tarehe zake. Wafadhili wakubwa wa kimataifa na fedha za utafiti huja mwishoni, kwa kikundi ambacho tayari kimebeba fedha ndogo bila kuzimwaga.

Na neno moja la tahadhari: mfadhili wa kweli hakutozi ada ili akupe ruzuku. Anayekuomba utume fedha kwa simu ili jina lako lisogezwe juu ya orodha ni tapeli, hata kama barua yake ina nembo ya kupendeza.

Hoja ya wanaopinga

Yuko atakayesema: unawataka maskini wajigharimie tiba. Kijana yatima wa Uru au Kibosho achange nini? Je, huku si kuiondolea Serikali na dunia wajibu wao?

Hoja hiyo ni nzito na inastahili jibu la wazi. Dawa, vipimo, mishahara ya wauguzi na majengo ya zahanati si kazi ya kikundi cha vijana, na haitakuwa. Mwaka 2001, huko Abuja, nchi za Afrika ziliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Ahadi ile bado inatudai, na wananchi wana haki ya kuiulizia kila mwaka Bunge la Bajeti linapokaa. Mchango wa kikundi usitumike kamwe kuwa kisingizio cha kuifuta.

Tena, fedha kubwa za kutoka nje zina nafasi yake. Hospitali yenyewe ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilijengwa na Mfuko wa Msamaria Mwema uliochangisha fedha nyingi kwa ajili hiyo. Hakuna mfuko wa kijiji ambao ungeweza kujenga hospitali ya rufaa ya kanda. Lakini hata hapo, jengo lilibaki hai kwa sababu kulikuwa na taasisi ya kulilinda: makanisa, Serikali, vyuo na watumishi wake. Waliochangia walimaliza kazi yao. Wenyeji wakaendelea na yao.

Ninachokipinga mimi ni unyonge wa kungoja. Kijana maskini anayechangia shilingi 500, au anayefika mapema kupanga viti, hajanyimwa haki yake. Amepata sauti. Siku mfadhili atakapotaka kubadilisha shabaha ya klabu, kijana huyo atakuwa na mahali pa kusimama na kusema hapana.

Mwisho uandikwe mwanzoni, na heshima ilindwe

Kila andiko la mradi huwa na kipengele cha uendelevu, na mara nyingi huandikwa mwisho, usiku wa manane, kwa sentensi mbili zisizo na uzito. Napendekeza tukiandike kwanza. Kabla ya kuandika lengo la mradi, kikundi kijibu kwa maandishi: siku ruzuku itakapokwisha, kipi kitaendelea, nani atakiendesha, na kwa fedha ipi? Na kile kisichoweza kuendelea, vijana wataagwaje? Klabu inayofungwa ghafla bila maelezo humfundisha kijana aliyekwisha kufiwa na wazazi kwamba kila kizuri hutoweka. Heri klabu ya miezi sita iliyosema tangu siku ya kwanza kwamba ni ya miezi sita, ikamkabidhi kila kijana kwa mtu atakayeendelea naye.

Vilevile tusiuze siri za wagonjwa kwa jina la taarifa ya mradi. Wafadhili hupenda picha na simulizi. Sheria ya Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa hali ya mtu kuhusu VVU, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeongeza ulinzi. Kijana wa miaka 15 anayepigwa picha akiwa na shukrani leo, atakuwa na miaka 25 akitafuta kazi na mchumba, na picha ile bado itakuwa kwenye intaneti. Mfadhili anayehitaji ushahidi apewe takwimu za mahudhurio na hesabu zilizokaguliwa.

Kazi iliyo mbele yetu

Wahudumu wa afya wenzangu, ninyi mnaandika taarifa kila mwezi, mnajua kusoma jedwali, na mnawajua vijana kwa majina. Mchukueni mmoja wa viongozi wa klabu mkamfundishe kutunza daftari la fedha. Msimwandikie andiko lote. Kaeni naye alitunge kwa maneno yake, kisha mlisafishe pamoja. Mkiombwa kutia saini mradi, ulizeni kwanza ukurasa wa mwisho unasemaje.

Kwa vyuo vyetu vya afya pendekezo langu ni dogo na linawezekana. Vina ofisi zinazoshughulikia ruzuku za tafiti, zenye watu wanaojua bajeti, mikataba na ukaguzi. Ofisi hizo zifungue dawati siku moja kwa mwezi kwa ajili ya vikundi vya jamii: kusoma maandiko yao, kukagua madaftari yao, kuwaonyesha matangazo ya kweli na kuwatenga na matapeli. Na kila utafiti unaounda kikundi cha vijana, uanze na mazungumzo na halmashauri na jamii kuhusu nani atakipokea ukimalizika. Chuo kilichofaidika na taarifa za wagonjwa wa mlima huu hakitapungukiwa kwa kuwarudishia ujuzi huu.

Nanyi wagonjwa na walezi, msikubali kuwa idadi tu katika andiko la mtu mwingine. Mkialikwa kwenye mradi, ulizeni: unaanza lini, unaisha lini, fedha ni kiasi gani, na sisi tuna nafasi gani kwenye kamati? Maswali hayo si utovu wa adabu kwa mgeni. Wazee wa mfongo huyauliza kila msimu, kabla maji hayajafunguliwa.